Ua Lisilotaka Udongo

Hakuna aliyemwita kwa jina. Mchungaji alimwita Afande, muuza samaki alimwita Afande, na hata Okiror, mwanawe wa pekee, alipotaka chai alisimama mlangoni akauliza, "Afande, sukari iko?" Nilikaa naye ukuta kwa ukuta Nalufenya, pale Jinja, kabla ya vita na baada ya vita. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani kwao, na likanipita kama jina la mtu nisiyemjua.

Alikuwa askari wa magereza, upande wa wanawake. Alikuwa mrefu, na viatu vyake ulivisikia kabla hujamwona. Alikula akiwa amesimama. Redio aliisikiliza akiwa ameipa mgongo, kama mtu anayesengenywa. Na jambo lililonishangaza tangu siku za kwanza ni kwamba mwanamke huyo aliyeshinda mchana kutwa na funguo kiunoni, nyumba yake mwenyewe haikuwa na kufuli. Mlango ulirudishwa tu. Nilimuuliza sababu, akanijibu, "Kufuli ni ya kazini."

Tulizungumza Kiswahili, mimi na yeye. Mimi ni Mnubi. Babu zetu waliletwa na jeshi kutoka Sudan, wakabaki, nasi tukazaliwa hapa, Waislamu wa mjini, na Kiswahili kwetu ni lugha ya nyumbani karibu sawa na Kinubi. Yeye alitoka Teso, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kimekatwakatwa, chote amri. Majirani wetu Wasoga hawakuipenda lugha hiyo. Kwao ilikuwa lugha ya mtu anayesimamisha gari barabarani na kukuambia ushuke. Tuliposalimiana asubuhi kwenye ukuta, niliona watu wakiharakisha hatua. Afande aliliona hilo pia. Hakupunguza sauti.

Sauti hiyohiyo aliitumia kwa ua lake.

Lilikuwa ua la aina ya okidi, na lilining'inia barazani kwake, upande usiopigwa na jua la mchana, ndani ya kikapu cha vijiti alichokijaza vipande vya mkaa na magome ya mti. Udongo haukuwemo hata chembe. Wapita njia walicheka: askari amepanda makaa, atavuna moto. Mimi pia nilicheka, mpaka nikaona anavyoliangalia. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliinama akanusa ule mkaa, akabonyeza mashina yake manene yaliyofanana na vidole, akageuza jani moja moja kutazama mgongo wake. Akikuta vijidudu vile vyeupe vinavyoganda, alivifuta kwa pamba na maji ya sabuni. Mizizi ilitoka nje ya kikapu ikaning'inia hewani, myeupe, ncha zake za kijani, na yeyote aliyetaka kuirudisha ndani alikemewa.

"Wacha! Hiyo napumua."

Mgeni aliyetaka kulisogelea alikaguliwa mikono kwanza. Kulisifu ilikuwa marufuku. "Usisifu mbele yake," alisema, "itavimba kichwa." Maji alilipa ya mvua tu, tena baada ya kuingiza kidole kati ya makaa na kuhakikisha yamekauka. Siku moja, yeye akiwa kazini, niliona majani yamelegea kwa joto, nikamwagia kopo zima. Alirudi, akanusa, akaja ukutani.

"Nani amepa hii maji?"

"Mimi, Afande. Niliona lina kiu."

"Hii hapana kufa na kiu, Mama Zubeda. Inakufa na huruma."

Wiki hiyo yote hakunisalimu.

Alilipata siku zile Wahindi walipoambiwa waondoke. Nyuma ya nyumba za askari alikokaa wakati huo kulikuwa na nyumba kubwa ya familia moja ya Kihindi, na mama wa nyumba ile alikuwa na safu nzima ya okidi chini ya kivuli cha nyavu. Mabegi yalipokuwa yakipakiwa, mama yule alikuja kwenye uzio wa miba akiwa na kikapu kimoja mkononi. Hawakuwa marafiki. Walikuwa wakionana tu, mmoja anakwenda zamu, mwingine anamwagilia. Afande alinisimulia maneno aliyoambiwa, na nadhani ndiyo maneno pekee yaliyopata kupita kati yao: kwamba ua lile ni chotara, baba wa yule mama alilizalisha mwenyewe kwa kuchanganya maua mawili, na la namna hiyo liko moja tu. Na kwamba halitaki udongo.

"Kwa nini alikupa wewe?" nilimuuliza.

"Mimi nilikuwa karibu," akasema.

La udongo hakuliamini. Aliona mama yule amechanganyikiwa kwa uchungu wa kuondoka. Mmea gani usiotaka udongo? Akalipanda kwenye debe la udongo mzuri mweusi, akalimwagilia jioni na asubuhi. Mizizi ikaoza. Mashina yakageuka rangi ya chai, moja baada ya jingine. Alipolifukua lilikuwa limebaki shina moja na majani mawili. Alilikata kwa wembe akaondoa kilichooza, akalifunga kwenye kipande cha gome kwa uzi, akalitundika, halafu akangoja. Alingoja miaka. Lilitoa shina, likatoa jingine, likatoa majani magumu yanayong'aa, lakini ua halikutoka. Afande alilitunza muda wote huo bila kujua lina rangi gani.

Lilichanua wiki ya vita. Najua kwa sababu nilikuwa nimefichwa ndani ya nyumba yake.

Majeshi kutoka Tanzania yalikuwa yamekwisha kuiteka Kampala, na askari wa serikali iliyoanguka walikuwa wakipita Jinja wakikimbilia mashariki, wengine wamevaa nguo za raia zisizowatosha. Sisi Wanubi tulikuwa tukihesabiwa pamoja nao, kwa kuwa wengi wao walikuwa watu wetu. Haikusaidia kusema kwamba mume wangu alikuwa dereva wa lori la pamba na hajawahi kushika bunduki. Asubuhi ile aliniambia nifunge vitu, anakwenda stendi kutafuta gari la kutupeleka Mbale, kwa mjomba wangu. Alikunywa chai nusu kikombe. Aliondoka akiwa amevaa kofia yake ya kushonwa, nami nilitaka kumwambia aivue, nikaona haya. Hakurudi. Mpaka leo sijui alifika wapi.

Mchana nilisikia kelele kutoka upande wa barabara kuu, na nyumba ya fundi viatu, Mnubi mwenzetu, ikaanza kutoa moshi. Zubeda nilikuwa nimemshika mkono, mdogo wake nimembeba mgongoni, nami sikujua nielekee wapi. Afande alitokea ukutani.

"Wewe nangoja nini? Pita."

Alituingiza kwenye chumba chake cha nyuma, kati ya magunia ya mtama na masanduku, akarudisha mlango. Halafu nikamsikia akivaa viatu. Wale watu wa kelele walipofika, alikuwa amesimama barazani na sare kamili. Bunduki hakuwa nayo. Nilimtambua aliyekuwa akizungumza: ni kijana aliyekuwa akituletea mkaa.

"Afande, sisi hatuna neno na wewe. Tunataka hao watu tu."

"Watu gani?"

"Hao wa ukuta wa pili. Wanubi."

"Ukuta wa pili iko pale," akasema. "Hapa ni kwa serikali."

"Serikali gani, Afande? Serikali imekimbia."

Nilimziba mtoto mdomo kwa ziwa. Kisha nikaisikia ile sauti, Kiswahili kile kibaya cha kambini kilichowafanya watu waharakishe hatua, safari hii ikipigwa kwa nguvu zote: "Nyuma geuka! Nani alikupa ruhusa kusimama kwa baraza yangu? Wewe, jina! Wewe, jina la baba yako!" Nao walikuwa wameitii lugha hiyo kwa miaka mingi, na miguu ilikumbuka kabla ya vichwa. Waliondoka. Walikwenda nyumbani kwangu wakachukua godoro na vyombo.

Tulikaa mle chumbani siku kadhaa. Asubuhi moja niliamka nikasikia harufu ambayo sikuijua, tamu, karibu na vanila na ngozi ya limau. Nilidhani nimeanza kuugua. Mlango ulifunguka, Afande akaniita kwa kidole nitazame kupitia ufa wa dirisha. Ua lilikuwa limefunguka, kubwa kama kiganja, jeupe, na mdomo wake zambarau nzito yenye koo la manjano. Alilitazama kama askari anavyomtazama mfungwa aliyekuwa ameandikishwa kwa jina la uongo na sasa amesema la kweli.

"Kumbe ni nyeupe," alisema.

Bunduki zililia mbali, upande wa mto. Alinipa uji, akatoka.

Siku aliyotutoa alikuja na gauni jeupe la wafungwa. "Vaa. Sasa wewe ni mfungwa yangu. Watoto wako nafuata mama yao, hiyo ni sheria. Usiangalie mtu." Alinifunga mikono kwa kamba, akanitanguliza. Tukapita katikati ya Nalufenya hivyo, watu wakitutazama, mpaka kwenye kizuizi cha barabara ya kwenda Mbale. Walikuwapo vijana wenye fimbo na askari mmoja wa Kitanzania, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mama," yule askari alimwambia. "Huyu ni nani?"

Naapa ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kusikia mtu mwenye bunduki akisema shikamoo.

"Mfungwa," Afande akajibu. "Mwizi. Napeleka gereza ya Mbale."

Ndipo kijana mmoja akasogea. "Huyu si mke wa yule dereva? Yule Mnubi?"

Niliinua macho. Sikukusudia. Kofi lilinikuta nikiwa bado sijamaliza kuinua uso, nikaanguka na mtoto mgongoni, na mdomo ukajaa damu.

"Nani alikuambia inua macho?" Afande alipaza sauti. "Nani?"

Vijana wakacheka. Askari yule alisema, "Taratibu, mama, taratibu," akaashiria tupite. Tulipata lori lililokuwa likienda Mbale, tukakaa juu ya mzigo. Zubeda alilia mpaka akapitiwa na usingizi. Afande alinifungua kamba tulipovuka Iganga. Nilingoja aseme neno juu ya lile kofi. Aliikunja kamba, akaitia mfukoni. Nimelifikiria kofi hilo miaka mingi. Liliokoa maisha yetu sote watatu, hilo nalijua. Lakini nilikwisha kupigwa na mama yangu, na mume wangu pia alinipiga siku moja, na ninajua mkono unaojilazimisha ulivyo. Mkono ule haukujilazimisha. Ulijua kazi yake.

Mjomba alitupokea Mbale, na baadaye tukavuka kwenda Kenya, tukakaa huko mpaka hali ilipotulia. Niliporudi Nalufenya nilitarajia kukuta kuta tupu. Nyumba nyingi za wenzetu zilikuwa zimeng'olewa hata mabati. Yangu ilikuwa na paa lake. Mlangoni ilining'inia kufuli kubwa nyeusi ya magereza, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Afande alikuja na ufunguo, akafungua, akafungua na madirisha.

"Bwana yako nilitafuta," akasema akiwa bado amenipa mgongo. "Nilienda hospitali, mochwari. Nilienda kwa mto, pale wanatoa watu. Hayuko. Usingoje."

Ndivyo alivyonifanya mjane. Wengine walikuja kunipa matumaini, kwamba labda yuko Sudan, kwamba kuna mtu alimwona Arua. Niliwachukia. Yeye alikuja kila asubuhi, akasimama ukutani mpaka anione nimewasha moto, kisha akaenda zake.

Miaka hiyo ya kujaribu kuishi tena ndiyo niliyojifunzia okidi. Hakunifundisha; aliniruhusu kutazama. Nilijifunza kwamba jani likiwa kijani kizito linaomba mwanga, likianza wekundu limechoka na jua. Maji yakilala kwenye kikonyo kichanga kinaoza. Baada ya kuchanua huachwa lipumzike, wala usilihangaikie kwa mbolea. Mwaka mwingine lilichanua, mwaka mwingine likakataa, naye hakulaumu. Alikuwa amestaafu, lakini sare aliipiga pasi kila Jumapili akairudisha sandukuni.

Nilimuuliza siku moja, tukiwa tunabadilisha magome yaliyooza, "Afande, kule ndani wakati ule, uliona nini?"

"Kazi."

"Watu wanasema wanawake waliteswa."

"Leta mkaa mkubwa," akasema. "Hii ndogo inashika maji."

Watu walimsema. Wapo waliotema mate alipopita, wanawake waliokuwa na dada au binamu waliopita mikononi mwake. Mimi nilimtetea. Nilisema huyu ndiye aliyenificha, nyie mlikuwa wapi? Nilikuwa nimeijenga picha yake kichwani, na nilihitaji isimame. Yeye hakujitetea hata mara moja. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na wenzake walipokwenda kushiriki meza ya Bwana, yeye alibaki amekaa.

Halafu vita vikahamia kwao. Teso iliwaka. Ng'ombe walichukuliwa wote, na vijana waliitwa waasi na upande huu, wakaitwa wasaliti na upande ule. Okiror alikuwa amekwenda kumwona bibi yake mgonjwa, na njia ikafungwa nyuma yake. Walioponea walikuwa wakifika Mbale kwa miguu, na Afande aliposikia hivyo akaamua kwenda kukaa huko, mahali ambapo habari zilifika kwanza.

Kabla ya kuondoka aliniita. Alikuwa ameteremsha kikapu, ameweka kisu juu ya moto wa jiko. "Hii ni chotara," alisema. "Ukipanda mbegu yake hupati yeye, unapata mwingine. Njia ni kukata." Kisu kilipopoa alikipitisha katikati ya shina lile linalotambaa, polepole, akapaka vidonda unga wa mkaa. Upande mmoja ulibaki na mashina matatu, akanipa mimi. Mwingine aliufunga ndani ya kikapu kipya. Nilimsindikiza hadi basi la Mbale. Alikaa dirishani, kikapu mapajani, ameshika vishikio vyake kwa mikono miwili, akitazama mbele.

Habari zake zilinifikia kwa vipande. Yuko Mbale. Amehamia Nakaloke, mji mdogo kaskazini ya Mbale. Macho yanamsumbua. Juu ya Okiror sikupata neno. Nilikuwa na wajukuu sasa, na kila mara nilipopanga safari lilitokea la kunizuia. Ua langu lilipotoa vichipukizi vya maua mwaka ule, niliona nisipokwenda sasa sitakwenda tena. Nililigawa kama alivyonifundisha, nikachukua nusu yenye vichipukizi, nikapanda basi hadi Mbale, na kutoka Mbale teksi hadi Nakaloke. Ilikuwa siku ya soko.

Nilielekezwa kwenye chumba nyuma ya duka la nafaka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, amekonda, jicho moja limefunikwa na ukungu mweupe. Nilisema salaam aleikum, na kabla sijaongeza neno akasema, "Mama Zubeda. Umekuwa mnene, nasikia kwa hatua."

Nilimwekea kikapu mapajani. Alilipapasa ua kwa vidole, shina kwa shina, akaingiza kidole kati ya makaa.

"Maji mingi," akasema.

"Na lako, Afande? Liko wapi?"

"Niliacha." Akakisukuma kikapu kidogo kwa kiwiko. "Rudi nayo. Hapa hakuna baraza."

Niliulizia macho yake, miguu yake. Jina la Okiror lilikuwa mdomoni mwangu na sikuthubutu. Baadaye mwanamke mmoja aliingia kutoka sokoni na kapu la maharage kichwani, Mgisu, mwenyeji wa huko, wa umri wangu. Alinikaribisha, akajitambulisha kuwa anaitwa Nambozo na kwamba chumba ni chake. Alipika, akampakulia Afande kwanza, akampa kijiko mkononi. Nilipotazama vizuri niliona mkono wake wa kushoto haunyooki. Ulikuwa umepinda kwenye kiwiko na kuishia hapo, kama tawi lililofungwa likiwa bichi.

Afande alipolala, tulikwenda kukaa nje kuchambua maharage. Nilisema kwa wema tu, "Mungu akulipe kwa kumtunza. Ni ndugu yenu?"

"Alikuwa askari wangu," Nambozo akasema. "Mimi nilikuwa mfungwa."

Mikono yangu ilisimama.

"Walinikamata kwa ajili ya kaka yangu. Walimtaka yeye, wakanichukua mimi. Mtoto wangu nilimwacha nyumbani, bado ananyonya. Siku moja mfungwa mpya aliletwa, anatoka karibu na kwetu, akaniambia mtoto amezikwa. Basi nikalia. Nililia asubuhi, nikalia mchana. Wakubwa walikuwa wanakuja kukagua, wakasema yule anyamaze. Afande aliingia na kirungu." Aliuinua mkono kidogo, mpaka ulipokomea. "Nikanyamaza."

Nilitaka kumwambia kwamba amekosea, kwamba labda alikuwa askari mwingine. Nikakumbuka ule mkono barabarani, mkono uliojua kazi yake. Nikamwambia habari yangu, ya chumba cha mtama na gauni jeupe. Alisikiliza, akiendelea kutupa mawe na maharage mabovu.

"Hiyo hajanisimulia," akasema.

"Ulimpataje tena?"

"Stendi ya Mbale, wakati watu wa Teso walipokuwa wanakuja. Alikuwa anawauliza juu ya mwanawe kwa Kiswahili kile, na watu wanamkimbia. Sauti hiyo mimi ningeijua hata kaburini. Nilimfuata nimtukane. Nikasimama mbele yake, nikamwambia, Afande, unanijua? Hakuniangalia uso. Aliangalia mkono. Akasema, nakujua."

"Ukafanya nini?"

"Nilimwambia, twende kwetu ukaseme hivyo." Nambozo aliacha kuchambua. "Mama, wewe hujui. Niliporudi kutoka kifungoni, mume wangu alisema nilikuwa nimekimbia na mwanajeshi. Alisema mtoto alikufa kwa sababu nilimtupa. Mkono huu, alisema mwanajeshi wangu ndiye aliyenivunja. Ukoo wote uliamini, na watoto waliobaki wakafundishwa hivyo. Hakuna mtu aliyeniona mle ndani ambaye bado yuko hai. Hakuna, isipokuwa huyu."

"Naye akaenda?"

"Alivaa sare yake. Alisimama mbele ya wazee akasema, huyu alifungwa, hakuwa na kosa, alimlilia mtoto wake, na mimi ndiye nilivunja mkono. Wanaume walitaka kumpiga mawe. Alisimama tu. Mume wangu hakuomba msamaha, lakini binti yangu mkubwa siku hizi huja kunitembelea." Alifuta mikono kwenye gauni. "Watu wa hapa wananiuliza, unamlishaje huyo? Nawauliza, nani mwingine anajua kwamba nilikuwepo?"

Nilimuuliza kuhusu Okiror.

"Habari ilikuja mwaka juzi. Mtu wa kwao alimzika mwenyewe, kwenye shamba la mihogo, akaleta mkanda wake. Afande aliushika ule mkanda akalia. Sijasikia kilio kama kile. Asubuhi mpaka jioni, kesho yake tena. Wenye nyumba walikuja, wapangaji wakaja, wanasema mwambie mzee anyamaze, watoto wanaogopa. Nilisimama pale mlangoni." Alionyesha kwa kidevu. "Nikawaambia, acheni alie."

Jua lilikuwa limeshuka na magari ya Mbale yalikuwa yakianza kuisha. Niliingia kumuaga. Alikuwa macho, amelala chali, na nilielewa kwamba ukuta ule mwembamba haukumficha neno.

"Amekuambia?" akauliza.

"Ameniambia, Afande."

"Yote?"

"Yote."

Aligeuza jicho lake zima upande wangu, akanitafuta mpaka akanipata. Nilidhani ataniuliza kama bado ni rafiki yangu.

"Nzuri," akasema. "Mimi nikikufa, yeye asikose mtu wa kusema ni kweli. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Sema kwa sauti, naye asikie."

Nikasema kwa sauti.